Meno ya Kitana ya Yasoji

Katika bonde letu la Okawachi, mchoraji hatoki atakavyo. Mbele kuna lango la walinzi, nyuma majabali. Sahani za kauri tunazochora ni za mtawala, na siri ya buluu yake haitakiwi ivuke mlima. Mchora mistari huachiwa atoke pale tu mkono wake unapoharibika. Huyo hufukuzwa kwa aibu.

Yasoji, jirani yangu, aliitaka aibu hiyo. Binti yake Sayo aliolewa Arita, ng'ambo tu ya mlima, na mchuuzi wa chumvi alileta habari kwamba tangu ajifungue hainuki, anamwita baba yake. Yasoji akaomba ruhusa, akanyimwa. Nilimwonea huruma mpaka chakula kikanishinda.

"Nitakosea makusudi," akaninong'oneza nikisaga rangi. "We nyamaza tu, dada."

Mguu wa sahani zetu, ule ukingo wa chini zinaoukalia, huzungushiwa vistari vilivyosimama kama meno ya kitana. Kimoja kikilala, sahani huvunjwa. Yasoji akavilaza kadhaa, mkono ukimkatalia, akaiacha sahani rafuni na kutoka nje.

Tanuri lilipofunguliwa, msimamizi aliigeuza sahani ile, akaukazia macho mguu wake.

"Yasoji! Mkono huu haujazeeka hata kidogo. Bakuli la zawadi ya Edo, la kupelekwa kwa mkuu wa nchi, utachora wewe."

Uso ulimshuka. Kansuke, rafiki yake tangu utotoni, ambaye kazi yake ni kujaza rangi ndani ya mistari ya Yasoji, akatuvuta kando akicheka.

"We mzee, ulikunywa sake asubuhi? Vistari vinayumba hivyo! Nimevikwangua kwa sindano, nikavichora upya. Bahati yako niliviona kabla ya bwana mkubwa. Wangekufukuza!"

"Wangenifukuza," Yasoji akasema.

"Si ndiyo! Na mimi ningebaki na nani? Usijali, ndugu yangu. Kuanzia leo kila kazi yako nitaipitia mwenyewe kwanza."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini Kansuke angeambiwa nini? Kuharibu kazi ya mtawala makusudi ni kukatwa kichwa, na aliyejua akanyamaza hukatwa pia. Yasoji akainama, akamshukuru.

Sayo alizikwa bakuli la Edo likiwa bado tanurini. Na Kansuke, maskini, ahadi yake aliitimiza miaka yote, mpaka tulipomzika Yasoji humu humu bondeni.