Bunduki Iliyofukizwa Udi

Krrr-kwa! Mpaka leo naisikia bunduki ya Mjomba Saidi ikikokiwa kwa shida, kama mlango wa choo ulioota kutu. Wakati huo wa vita tulijificha porini, upande wa Pundanhar, kaskazini mwa Msumbiji, na bunduki ile kuukuu ya kuwindia ndiyo iliyotupatia nyama. Lakini tangu iote kutu, nyama yenyewe tulikwishaisahau.

"Niachie mimi, Mjomba," nikasema. Nilijiona fundi mkuu wa jeshi zima, mimi niliyeishia darasa la pili!

Nikasugua kutu kwa majivu, nikapaka mafuta ya nazi, nikakaza kwa ngozi kitako kilicholegea. Ikakokika laini. Laiti ningeishia hapo! Lakini ilinuka moshi na jasho, nikaionea huruma. Nikatoa udi niliouweka kwa ajili ya harusi yangu, nikaifukiza kutwa nzima kama bibi harusi.

Alfajiri Mjomba akatoka, kambi ikabandika maji. Adhuhuri akarudi mikono mitupu.

"Swala wananusa, wanakimbia! Hebu nusa na wewe, dada." Akampa bunduki Bi Zuhura, mpishi wetu.

Bi Zuhura akanusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Saidi, ulikwenda kuwinda au kuoa?"

Wote wakanigeukia, maana mwenye udi kambini alikuwa mmoja tu.

Watoto wakanywa uji mtupu. Nikaenda kijitoni peke yangu, nikaisugua bunduki kwa tope, kisha nikakifukia kipande cha udi kilichobaki.