Zamu ya Ng'ombe wa Nzioka

Enzi zetu kule Kathonzweni, Jumapili ilianza Jumamosi jioni. Mama alitusugua visigino kwa jiwe mpaka tukalia, na wenye viatu wakaviweka karibu na mlango, maana vingebebwa mkononi na kuvaliwa tu kanisa likishaonekana. Asubuhi tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliolala na kuwa mtamu kuliko jana yake, huku kila mmoja akinong'ona mstari wake wa Biblia usije ukamtoroka mbele ya mwalimu. Ukisahau, Baba hakuwa na maneno mengi: "Kichwa kinachoshika nyimbo za redio kitashika na Neno." Watoto wa siku hizi wana Biblia nzima kwenye simu, na ukiwauliza mstari mmoja wanakuambia chaji imeisha.

Mwanafunzi hodari kutushinda sote alikuwa Susu, yaani bibi kwa lugha yetu; ndivyo tulivyomwita mama mzazi wa Baba. Hakujua kusoma. Alikaa nasi kwenye mkeka wa shule ya Jumapili, miguu ameinyoosha, akashika kila kitu kwa masikio. Alipenda sana habari za yule mkuu wa Kushi aliyekuwa akipita njia ya jangwani, akaona maji, akasimamisha gari lake abatizwe palepale. "Huyo ni mtu wa barabara kavu kama sisi," alisema. Susu alikuwa ameokoka uzeeni, na bado hakuwa amebatizwa.

Shida ilikuwa maji. Kanisa letu lilibatiza kwa kuzamisha mwili mzima, na mwaka ule mvua ilitukimbia, mto ukabaki mchanga mtupu. Tuliteka kwenye kisima kilichochimbwa katikati ya mchanga huo, asubuhi watu na mchana mifugo, kila boma na zamu yake. Mchungaji wetu, mzaliwa wa Kilungu kwenye vijito, alimwambia Susu asubiri mvua za Novemba. Lakini Susu alikuwa akikohoa kwa muda mrefu, na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Mchungaji alipoliona hilo, akajitolea kutafuta lori limpeleke Kilungu akabatizwe huko.

"Dhambi zangu nilizitendea hapa," Susu alimjibu. "Nitaoshwa hapahapa, mbele ya wanaozijua."

Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba bibi yangu anashindana na kifo, na kwamba anaogopa kufika kwa Bwana kabla hajabatizwa. Niliogopa pamoja naye. Kila jioni nilipiga magoti kuomba mvua, kisha nikatoka nje kutazama mbingu, nikaikuta safi kama sahani iliyooshwa.

Sisi tulikuwa tumebakiwa na mbuzi tu, na zamu yetu haikuzidi ndoo chache. Baba alipoomba zamu pale kisimani, waumini wenzetu waliokuwa na ng'ombe waliinamisha macho, nami siwalaumu, maana ndama walikuwa wakianguka kila siku. Aliyesimama ni jirani yetu Nzioka, ambaye kanisani aliingia kukiwa na mazishi, na Jumapili zake alizimalizia kwenye pombe ya miwa.

"Chukueni zamu yangu," alisema. "Mkishamwosha mama, ng'ombe wangu watakunywa. Wao hawaulizi maji yamemgusa nani."

Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama inafaa mtu abatizwe kwa maji ya mlevi. Susu hakumpa nafasi ya kuendelea. "Maji ni ya Mungu," alisema. "Zamu ndiyo ya Nzioka."

Basi siku ya zamu wanaume walichimba shimo mchangani, wakatandika turubai la kuanikia mbaazi, na sisi watoto tukapanga mstari tukipokezana vibuyu kutoka kisimani. Hakuna aliyethubutu kulamba hata tone, ingawa midomo ilikuwa imetukauka. Maji yalipomfikia Susu kiunoni akiwa ameketi, Mchungaji akapiga magoti kwenye mchanga, akamshika mgongo na kumlaza taratibu mpaka uso ukafunikwa. Aliinuka akikohoa na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kuimba tena kama nilivyoimba mchana ule.

Ng'ombe wa Nzioka walikuwa wakilia pembeni muda huo wote. Yule mzee wa kanisa akataka kuwazuia, akisema maji yale sasa ni matakatifu. Susu, amefunikwa blanketi na meno yakigongana, akamwambia, "Waache wanywe. Mimi nimemaliza." Wakanywa mpaka wakalamba turubai.

Wengi walitarajia Nzioka aokoke siku ile. Hakuokoka, wala baadaye. Susu alitutoka kabla ya Novemba, na usiku wake wa mwisho hakuuliza habari za mvua. Alilala kama mtu aliyefika nyumbani. Toka hapo nimesikia mahubiri mengi yenye vipaza sauti vikubwa, lakini imani yangu inasimama juu ya mchanga ule, na haijatikisika.

Juzi mjukuu wangu naye alibatizwa, huko mjini, katika kanisa lenye bwawa la vigae na maji ya mfereji. Alikuwa na wasiwasi. "Susu, hayo maji yatakuwa na moto kidogo? Na hizi nywele nilisukwa jana tu." Nikamwambia Bwana anajua habari za nywele. Alizama, akainuka, simu zikapiga picha kutoka kila upande, na nikalia kwa furaha, kwa sababu Mungu wake ni yuleyule wa bibi yangu. Ibada ilipokwisha, kijana mmoja akavuta kizibo. Maji yale yote, mengi kuliko tuliyowahi kuyaona pamoja mwaka ule mzima, yakazunguka na kushuka shimoni. Watu walikuwa wameshaondoka kwenda kula keki. Nilibaki nimesimama pale peke yangu, nikitafuta ng'ombe kwa macho.