Ufa wa Bawa la Kushoto

Msimu wa kupuliza dawa mikorosho ukifika, harufu ya salfa huingia mpaka chumbani kwangu hapa Naliendele, nami hufunga madirisha. Majirani hudhani nina pumu. Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba alikuwa fundi wa ndege ndogo iliyomwaga salfa mashambani. Nilikuwa darasa la nne, na nikitoka shule nilikwenda kumtazama akifungua vifuniko vya mabawa na kumulika ndani kwa tochi. Alinifundisha kwamba ndege ina mifupa kama kuku: mhimili mrefu unaobeba bawa zima, mbavu zinazolipatia umbo, na juu yake ngozi ya bati jepesi.

“Ngozi hutiwa kiraka,” aliniambia. “Mhimili ukipasuka, usipande.”

Rubani wake, Desderi, alipenda ming'oko, vile viazi vya porini, kupita kiasi. Baba alimtania kwamba siku moja ndege itashindwa kumnyanyua.

Mchana mmoja baba aliingiza mkono ndani ya bawa la kushoto, akapapasa mahali pamoja tena na tena. Salfa na chumvi ya bahari vilikuwa vimeula mhimili, ukapata ufa mwembamba kama unywele. Akaandika katika kitabu cha ndege kwamba isiruke. Mwenye ndege alimwita mwoga, akamfukuza, akaleta fundi mwingine aliyetia saini bila kufungua hata kifuniko kimoja. Nyumbani tukala mihogo asubuhi na jioni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea baba aibu. Fundi gani anaogopa unywele?

Siku ya sita tangu baba afukuzwe, bawa lilikatika juu ya mikorosho, upande wa Mtawanya. Desderi hakupona.

Msibani mjane wake, Mama Neema, alimfuata baba alipoketi.

“Shemeji, ulijua?”

“Nilijua.”

“Ulimwambia?”

“Niliandika kitabuni, shemeji. Yeye mwenyewe sikumfuata.”

Mama Neema aliinuka, akarudi kwa wanawake wenzake. Hakumsemesha tena mpaka baba alipofariki. Nilimwona mkatili, kumlaumu mtu pekee aliyesema kweli.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikazielewa siku zile tano. Kwa Desderi palikuwa mtaa wa pili tu. Baba alishinda uani na hasira zake, akingoja mwenye ndege aje kumwomba radhi, na kila asubuhi sote wawili tuliisikia ndege ikipaa.