Nilivyoikata kaseti ya harusi yetu kwa wembe

Leo nimemfundisha binti yangu wa chuo kikuu sayansi.

Sawa, ni uongo. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Anasema kuna jeni mwilini inayotengeneza protini ya kushika nakala za ujumbe wa jeni zingine. Protini hiyo inasaidia kukata vipande visivyohitajika vya nakala hizo, vinavyobaki viunganishwe.

“Hiyo hata mimi naweza,” nikasema.

Nikachukua kaseti ya harusi yetu, wembe na selotepu, nikakata utepe nitoe kikohozi cha pasta, nikaunganisha.

Tukasikiliza. Pasta anamuuliza mke wangu kama ananikubali, halafu kwaya inaimba. Kipande chenye “Ndiyo” yake kiko sakafuni.

“Baba, protini ikikosea hivyo mtu huugua.”

“Na mzee akikosea?”

“Analala nje.”

Mke wangu yuko njiani kutoka kanisani. Jirani yangu Mutiso, ukisoma hapa, kumbuka nilikuchungia mbuzi ulipoenda Mtito Andei. Njoo ukae hapa, mbele ya wageni huwa hanigombezi.