Picha za Nyumba ya Kihesa

Duka langu la vitenge liko Soweto, Mbeya, na siku hizi nauza zaidi kwa simu kuliko kwa kaunta. Napiga picha, naiweka mtandaoni, na kabla chai haijapoa mtu ameshauliza kama kuna ya kijani. Ndiyo maana kaka yangu aliposema nyumba ya mama ya Kihesa, kule Iringa, iuzwe, nilimjibu kwa jeuri. Nilimwambia tutawapangisha watalii wanaopita Iringa kwenda mbugani, na wateja nitawatafuta mwenyewe mtandaoni. Kama nguo zinauzika kwa picha, nyumba itanishinda nini?

Mama alikuwa amehamia kwangu tangu nyonga ianze kumsumbua. Nyumba ilibaki tupu, bati linavuja, na kaka, ambaye anafanya biashara ya mbao Makambako, alishapata mnunuzi. Alinipa mpaka Pasaka. Mama hakusema lolote. Angegombana ningepumua, lakini mama akinyamaza mimi hukosa usingizi. Niliona akiuzwa yeye pamoja na kuta zake. Nikamchukua, tukapanda basi kwenda Kihesa kuitengeneza.

Sebule yake ilisongamana makochi na vitambaa vya kufuma, haipigiki picha. Niliwaomba majirani wanisaidie kuyatoa yote nje, barazani. Sakafuni nikatandika mikeka yake mizuri ya ukindu, ili chumba kionekane kikubwa. Halafu nikafikiria baridi ya kwetu. Mgeni akiona moto atatamani kuja. Nikawasha magogo uani, nikaazima viti vya plastiki kanisani, nikavipanga kuuzunguka moto. Jioni ilipoingia mama alikuwa ameshalala, mimi nikapiga picha mpaka nikaridhika. Nikaziweka kwenye ukurasa mpya niliokuwa nimeufungua, nikaandika: “Nyumbani kwa mama, Kihesa. Karibuni wote.”

Kusema kweli wafuasi wa ukurasa ule walikuwa ndugu watupu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Umeme ukakatika kabla sijamaliza kujisifu, simu ikaisha chaji ikazima, nami nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuwa nafagia uani niliposikia wanawake wanalia barabarani. Nilidhani jirani kafiwa, nikajifunga khanga nikatoe pole. Kumbe kilio kinakuja kwetu. Geti likafunguka, akaingia mama mdogo, mdogo wake mama, aliyetoka Rujewa, mikono kichwani. Nyuma yake waliingia mashangazi, wote wamejifunga khanga viunoni, na pikapu ya kaka imebeba kuni, masufuria ya shughuli na gunia la mchele. Kaka alishuka wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi kaka sikuwahi kumwona akilia.

“Hata kunipigia simu?” aliniuliza. “Mama anakufa, mimi naona kwenye simu kama mtu baki?”

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka. Mama alitoka na fimbo yake, kikombe cha chai mkono wa pili.

“Kamwene,” akawasalimia. “Nani amefariki?”

Mama mdogo alishusha mikono taratibu.

“Dada, wewe si umekufa?”

“Nimekufa lini?”

“Jana! Angalia mwenyewe.” Akachomoa simu kifuani. “Makochi barazani. Mikeka sebuleni, hakuna hata kiti. Moto uani, viti vya kanisa vimezunguka. ‘Nyumbani kwa mama, karibuni wote.’ Sasa hapo mtu aulize nini tena? Sisi tumefunga mchele tumekuja. Simu yake huyu tumepiga, haipatikani. Tukasema, amezidiwa na uchungu, maskini.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila nilichokifanya ili kuwavuta watalii ndicho tunachokifanya mtu akifa: wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto. Nimekaa kwenye misiba mingi kuliko harusi, na bado sikuliona. Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

“Kweli,” alisema. “Hata mimi ningelia.”

Mama mdogo ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia tena, safari hii amemshika mama miguu. Mchele ulikuwa umeshafika, kwa hiyo ulipikwa. Mashangazi walirudisha makochi sebuleni huku wakinisema, wakanilazimisha kupiga picha upya, mama akiwa katikati amekaa na kikombe chake. Ile picha ilipendwa na watu nisiowajua. Mmoja aliuliza kama akija na familia yake atamkuta bibi wa kwenye picha.

Mchana tulikula. Nyumba ilikuwa imejaa. Waliokosa nafasi ndani walikula uani, na wengine walikuwa wameshachagua pa kulala. Kaka alikaa karibu na mama, hakuondoka pale. Mama aliwatazama watu wake mmoja mmoja, halafu akazungumza kwa mara ya kwanza kuhusu nyumba.

“Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila nataka kuuliza. Siku nikifa kweli, hawa watakuja tena hivi hivi na mchele wao. Watafikia wapi?”

Kaka aliacha kutafuna.

Baadaye alinawa mikono, akachukua simu, akatoka nje ya geti ili tusisikie. Lakini kaka amezoea kuongea kwenye kelele za mashine za mbao, hajui kunong’ona. Tulimsikia wote, na mama pia, anamwambia yule mnunuzi:

“Haiuzwi tena, mzee wangu. Mama ana kazi nayo.”