Kangaga la Shangazi Somoe

Nakumbuka siku niliyoamua kuwa msafi, mwanangu, na mpaka leo naijutia. Najua mnanicheka kwamba sitoki nje, eti nimeota mizizi kwenye mkeka. Chekeni tu. Siku hiyo nilifagia nyumba nzima, na huo ufagio ndio ulioniponza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa Pande kwa shangazi yangu, Bi Somoe. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwenye ukuta wa uani aliacha kangaga, lile linaloota juu ya miti, majani yake yamegawanyika mawili mawili kama pembe za swala. Marehemu alilitoa kwenye mkorosho ulioanguka kwao Milola, akalifunga ubaoni kwa mkono wake. Shangazi hakuwa na picha ya mumewe hata moja. Alikuwa na hilo kangaga, na kila asubuhi alilisalimia kabla ya kutusalimia sisi.

Basi wakawa wanakuja wageni kumposa bintiye. Shangazi akaenda kutafuta samaki, akaniachia nyumba. Nilipofika uani nikaona chini ya yale majani ya kijani kuna mengine mapana, ya kahawia, makavu kama karatasi ya maandazi, yamegandamana na ubao. Nikajiambia, wageni watatuona wachafu. Nikayabandua yote. Kangaga likabaki linaning'inia kwa uzi mmoja, nami nikasimama pembeni nikisubiri sifa.

Shangazi aliporudi aliweka kikapu chini, akalishika kangaga lisianguke. Hakupandisha sauti.

"Hayo ndiyo yanayolishikiza, baba. Ndiyo yanayolitunzia maji. Yamekauka kazini, hayakufa." Kisha akanigeukia. "Na mimi nimekauka. Mimi utanibandua lini, kabla ya wageni au wakishaondoka?"

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Wageni walipoondoka alinituma makumbi ya nazi. Tukayaloweka, tukayakamua, tukayatandaza ubaoni, tukaliweka kangaga juu yake na kulifunga kwa vipande vya wavu mkuukuu. Akanionya nisiufunike moyo wake, pale majani yanapochipukia. Kulinywesha ni kuzamisha ubao kwenye ndoo, kisha kuacha makumbi yakauke ndipo uzamishe tena. Mimi kwa majuto nikawa nalizamisha asubuhi na jioni, hata shangazi akaificha ndoo. Akasema nililichuna likiwa hai, sasa nataka kulizika kwa maji.

Miezi ikapita halijachipua. Kila nikimwona analisalimia, nilitamani ardhi inimeze. Hadi asubuhi moja akaniita. Chini kabisa palikuwa na kijijani kichanga cha mviringo kama kisahani, cha jamii ya yale mapana niliyoyabandua, kimejibandika kwenye makumbi. Shangazi alikigusa kwa ncha ya kidole, akalia kidogo, akaenda kuinjika chai.

Mwanangu, usiondoe kitu usichojua kazi yake, kiwe jani, desturi au mzee aliyekaa kimya barazani. Uliza kwanza, aibu ya kuuliza huisha siku hiyo hiyo. Na ukikosea, tengeneza kwa kiasi, kwani hata majuto yakizidi huozesha. Mungu akujaalie pa kujishikiza hata pasipo na udongo, na akupe wakubwa watakaokukemea huku wakikupenda. Amin.