Mkaazi Mmoja wa Kichochoro Chetu

Nyumba ya kina mume wangu, huku Mji wa Kale, ina milango miwili. Wa mbele unatazama njia kubwa na una baraza ya saruji iliyolainishwa na matako ya wanaume wa mtaa mzima. Hapo ndipo kahawa hunywewa na mambo huamuliwa. Wa nyuma ni wetu wanawake. Unatoka jikoni, unaingia kichochoroni. Kichochoro kina mtaro, na mtaro una mavi. Nimetafuta neno la adabu zaidi, sikulipata.

Zamani mtaro huo ulikuwa na vifuniko. Vikavunjika, bomba likapasuka huko chini, na tangu hapo choo cha majirani hupita wazi mbele ya jiko letu, kijivu, kina povu. Tumelaza ubao wa kuvukia. Ijumaa, pilau likiwa motoni, hujui unanusa nini.

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ajifunza kutembea. Nilikuwa napara samaki, nikageuka, nikamkuta amekaa ukingoni anapiga yale maji kwa kiganja, anacheka, na kiganja cha pili ki mdomoni. Siku zilizofuata tulizimalizia hospitali, yeye na dripu mkononi, mimi na hasira. Daktari akaniuliza maji ya kunywa twayatoa wapi. Nikamwambia, daktari, tunachemsha maji, mavi ndiyo hatujui tuyafanyeje. Mtoto akapona. Alirudi mwepesi kama ufagio, na mtaro ulikuwa palepale unamngoja.

Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila mtaro ufunikwe kabla mtoto hajarudi kwenye kile kitanda.

Kaunti ilikuwa imefungua tovuti ya takwimu wazi, na redio ikatuimbia kwamba sasa serikali iko mkononi mwetu. Unafungua ramani kwenye simu, unabonyeza mtaa wako, unaona kazi gani imefanywa. Niliifungua nimesimama juu ya ubao, mtoto kiunoni. Kichochoro chetu kilikuwa kijani. "Ukarabati wa mtaro: umekamilika. Umethibitishwa na mkaazi." Nikatazama simu, nikatazama chini. Nzi akatua kwenye kioo, juu ya ile kijani. Nikatema mate.

Tovuti hiyohiyo inamruhusu mwananchi kupendekeza sheria ndogo. Wakaazi wa kutosha wakimuunga mkono kabla muda haujafungwa, bunge la kaunti ni lazima liijadili. Mimi nimeishia kidato cha nne, sheria sikuisomea. Niliandika sentensi moja: kazi ya mtaa isihesabiwe imekwisha mpaka wale wanaoishi nayo kila siku waseme imekwisha, kila mmoja kwa sauti yake. Nikamsomea mavyaa wangu, mama wa mume wangu.

"Hiyo ndiyo sheria?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mbona naielewa?"

Tukazunguka jiko kwa jiko. Kila mwanamke wa kichochoro akatoa simu, namba ya siri ikaingia, akaijaza, akabonyeza. Mmoja mikono yake ilijaa unga wa mahamri, akabonyeza kwa pua. Nililala nikijua tumefika. Asubuhi nikatazama. Waungaji mkono: hakuna.

Nikadhani wananicheza shere. Nikasimama kichochoroni nikaanza kuwapasha majirani, wanafiki nyinyi, mmezoea harufu. Mavyaa akanivuta leso.

"Usitukane watu, mwanangu. Mimi nimebonyeza mbele ya mato yako. Hebu kamuulize ami yako. Simu yake tangu jana yalia kama mbuzi wa Idi."

Ami ni mdogo wa marehemu baba mkwe, anakaa chumba cha mbele. Nilimkuta barazani na kikombe chake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wajua jana matapeli wamenisumbua? Ujumbe juu ya ujumbe. Asante kwa kuunga mkono. Tayari umeunga mkono. Tayari umeunga mkono. Mwisho wakaniambia, kama si wewe bonyeza hapa tufute. Nikabonyeza. Walidhani mimi mjinga."

Habari yenyewe ni hii. Laini za simu zilipotakiwa zisajiliwe, wanawake wa kichochoro hawakwenda kwa wakala. Kubanana na wanaume kwenye foleni kulionekana aibu. Ami akawasaidia, akazisajili kwa kitambulisho chake, na wote wakamshukuru kwa halua. Mimi nilipoolewa nikapewa laini ya humo humo ndani, nikashukuru vilevile. Tovuti haihesabu simu, inahesabu kitambulisho, na majibu yake huyapeleka kwenye simu ya mwenye kitambulisho. Kwa hiyo kwa kaunti sisi sote, wazazi na wafuaji na wakaanga samaki, tulikuwa mwanamume mmoja mwenye simu nyingi.

"Ami," nikamuuliza, "na aliyethibitisha mtaro ni nani?"

Akafurahi kuulizwa. "Ni mimi. Kijana wa kaunti alikuja, ana adabu zake. Nikamkalisha hapa, akanywa kahawa, nikamwonyesha." Akanyoosha mkono kwenye mtaro wa njia kubwa, umefunikwa vizuri, umepakwa hata chokaa. "Si ule?"

"Na wa nyuma?"

"Nyuma?" Alinitazama kama nimeuliza habari za nchi nyingine. "Nyuma si jikoni?"

Ningetamani awe mwongo, ningejua la kumfanya. Alizaliwa katika nyumba ile na hajawahi kupita mlango wa nyuma tangu alipobaleghe. Chakula humjia kwenye sinia, kanzu humjia imepigwa pasi. Na serikali nayo, pamoja na ramani yake, ilikuja ikakaa pale pale ubavuni mwake, ikapewa kikombe.

"Basi haidhuru," akasema. "Nitaunga mkono mimi, kwa niaba yenu."

Sauti ya mavyaa ikatoka nyuma ya pazia. "Shemeji, hiyo niaba umeitumia sana. Ipumzishe."

Kesho yake tulikwenda Biashara Street, mabuibui yameziba mlango wa duka. Mwenye duka, Mhindi mzee anayeuza leso upande mmoja na laini za simu upande wa pili, alituambia mwenye kitambulisho aje mwenyewe azitoe laini kwenye jina lake. Ami akaja. Akakalishwa kwenye kibago, akaweka dole kwa kila laini, na kila akidhani amemaliza, buibui jingine lilisogea mbele.

"Na wewe pia ni mimi?" akamuuliza jirani wa mwisho.

"Nilikuwa, ami. Leo naondoka."

Tukabonyeza upya, safari hii kwa majina yetu, na muda ulipofungwa idadi ilikuwa imetimia. Yule kijana wa kaunti akatumwa akague tena. Alipobisha mlango wa mbele, mavyaa alikuwa ameufunga na ufunguo kautia kifuani. Akamwambia kutoka dirishani apite nyuma. Ami, aliyekuwa barazani, akamsindikiza kwa heshima, kanzu nyeupe. Kwenye kona wote wawili wakasimama. Kijana alijiziba pua kwa kile kitambulisho cha kazi kilichomning'inia shingoni. Ami akavuka ubao, ubao ukainama, pindo la kanzu likagusa.

"Na hapa mwapika?" akauliza.

Sasa ramani ni nyekundu. Sheria yetu, wanasema, iko kwenye ratiba ya bunge. Mtaro haujafunikwa. Mavi ni yale yale, tofauti ni kwamba sasa yameandikwa. Wakitaka niwashukuru kwa hilo, wangoje sana. Mtoto anatembea vizuri, anataka kukimbia, na kila akitoka jikoni namnyakua kwapani, analia, namvusha.

Mavyaa naye hajaufungua mlango wa mbele. Ami amebembeleza, mume wangu akirudi kazini Mbaraki amebembeleza. Anawajibu kwamba ufunguo uko kwenye ratiba. Mpaka mtaro ufunikwe, kila mwanamume wa nyumba hii anakwenda barazani kwake kwa kupitia kwetu, pindo la kanzu mkononi, na mmoja mmoja wanaanza kupiga simu kaunti.